Ndege Zilizopita Nyunzu kwa Treni

Kitendawili!

Tega.

Ndege wangu kavuka Kongo nzima, bawa hakupiga hata mara moja.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nyunzu! Haya, nimekwenda Nyunzu, wenyeji wamenipokea, nimekula bukari na sombe nikashiba, nimelala, nimeamka, nimerudi. Jibu lake ni ndege ya vita. Ilivunjwa vipande, ikafungwa ndani ya masanduku ya mbao, ikasafiri kwa meli, kwa stima na kwa treni mpaka Ziwa Tanganyika. Haikuwa moja, zilikuwa nne, na mwaka ulikuwa 1916. Treni iliyozibeba katika kipande cha mwisho cha safari ilipita Nyunzu.

Najua mnachotaka kuuliza. Ndege ina injini na ina mabawa, mbona isiruke yenyewe? Subirini kidogo, swali hilo nitalirudia. Kwanza tukubaliane jambo moja. Ninyi mmezoea hadithi za rubani. Rubani ana miwani mikubwa na koti la ngozi, na akishuka watu humpigia makofi. Leo rubani atangoja nje. Nataka kuwasimulia habari za yule anayeiandalia ndege njia: anayebeba injini, anayehesabu madebe ya petroli, anayejua sanduku lipi lina rafadha na lipi lina parafujo, na ambaye jioni ana watoto wanaomsubiri nyumbani. Jeshini kazi hiyo huitwa lojistiki. Hakuna ndege iliyowahi kupaa bila mtu wa kazi hiyo, ila picha yake hupigwa mara chache.

Vita Kuu ya kwanza ilianza Ulaya katikati ya mwaka 1914. Ingeweza kubaki huko huko, lakini wenye vita walikuwa wameshagawana Afrika, na mpaka wao mmoja ulipita katikati ya Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya mashariki, Kigoma na Ujiji, alikuwepo Mjerumani. Upande wa magharibi, kwenu, alikuwepo Mbelgiji. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 600, na mwenye meli zenye mizinga aliweza kumpiga mwenzake popote ufukweni, akarudi kwake hajaguswa. Mjerumani aliwahi. Agosti 1914 alivuka akaipiga stima ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaharibika vibaya.

Tena alikuwa ameanza jambo ambalo hata leo ukilifikiria unatikisa kichwa. Meli nzima iliundwa Papenburg, huko Ujerumani, ikavunjwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma na kuungwa upya kipande kwa kipande. Iliitwa Graf von Götzen. Urefu wake ulipita mita 70, na ilipoingia majini mwaka 1915 hapakuwa na chombo ziwani cha kulingana nayo.

Waingereza nao wakaleta vyao: mashua mbili za kasi zenye majina ya kuchekesha, Mimi na Toutou. Ziliondoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda kwa reli hadi Katanga, zikaburutwa milimani na mashine za mvuke, na ng'ombe, na watu, zikashuka mto Lualaba hadi Kabalo, na pale Kabalo zikapandishwa kwenye treni. Oktoba 1915 zilikuwa ziwani. Siku moja baada ya Krismasi ya mwaka ule ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Ikabaki ile kubwa. Mkuu wa Waingereza, Spicer-Simson, alipoiona Götzen kwa macho yake hakutaka kupambana nayo.

Mmeshaona mtindo? Kila silaha kubwa iliyopigana kwenye ziwa hili ilifika ikiwa mzigo. Vita vile vilipiganwa kwa mikono ya wapakizi muda mrefu kabla mzinga haujalia.

Wabelgiji wao walikuwa tayari wametazama juu. Kama Götzen haikaribiki majini, wakasema, itafikiwa kutoka angani. Ila Ubelgiji wenyewe wakati ule sehemu kubwa ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani, na ndege za kutosha haikuwa nazo. Wakaazima kwa Waingereza ndege nne aina ya Short 827, na marubani na mafundi wakatoka kwa Wabelgiji wenyewe.

Msizifikirie ndege za leo za bati linalong'aa. Mifupa yake ilikuwa mbao, na juu ya mbao kiliwambwa kitambaa cha kitani kama ngozi juu ya ngoma, kisha kikapakwa rangi maalumu ya kukikaza. Magurudumu hazikuwa nayo. Chini zilifungiwa viboya virefu vya kuelea, kwa sababu zilirukia majini na kutua majini. Zilikaa watu wawili wawili. Injini ilikuwa na nguvu ya farasi 150 hivi, na mwendo wake wa mwisho haukupita kilomita 100 kwa saa. Dereva wa gari kwenye barabara ya lami leo angeipita.

Sasa narudi kwenye swali lenu. Ndege ile ikikaa hewani saa tatu na kitu, petroli imekwisha. Kutoka bandari ya Matadi mpaka Kalemie, ufukweni mwa ziwa, kwa njia waliyopita, ni zaidi ya kilomita 3,000. Katikati hapo hapakuwa na debe moja la petroli lililoandaliwa, wala fundi, wala pa kutua pa uhakika. Ndiyo maana ndege ikapanda treni.

Fuateni njia kwa kidole kwenye ramani, nami nitatumia majina ya leo. Mwanzoni mwa 1916 masanduku yalivuka bahari hadi Matadi. Pale yakatolewa melini, yakapandishwa kwenye treni ya reli nyembamba hadi Kinshasa. Kinshasa yakashushwa, yakapakiwa kwenye stima, yakapanda mto Kongo zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Kisangani. Kisangani kuna maporomoko, stima haipiti; yakashushwa tena, yakapanda treni hadi Ubundu. Ubundu, stima hadi Kindu. Kindu, treni hadi Kongolo. Kongolo, stima hadi Kabalo. Kabalo, treni ya mwisho, kilomita 273 za reli mpya iliyokamilika mwaka 1915, kupitia Nyunzu na Niemba hadi ziwani. Na ziwani bado.

Hesabuni ni mara ngapi sanduku moja liliinuliwa na kuwekwa chini. Mimi nimepata nane, bila kuhesabu mambo madogo madogo. Kila mara hiyo ilihitaji watu wa kuinua, kamba, magogo ya kuviringishia, na mtu mmoja mwenye akili timamu wa kuhakikisha kwamba bawa la kushoto halibaki Kindu wakati bawa la kulia liko Kabalo. Ukikosa parafujo moja mjini, unatuma mtoto dukani. Ukiikosa huko ziwani mwaka 1916, unaandika barua, barua inashuka njia ile ile kilomita 3,000, inavuka bahari, na parafujo inarudi kwa njia hiyo hiyo.

Nataka sasa mmwone mtu mmoja. Jina simpi, kwa sababu ninamtengeneza mwenyewe kutokana na maelfu waliofanya kazi hiyo. Tumwite Baba. Nyumba yake iko karibu na reli, upande huu wa Nyunzu. Ana mke, ana watoto, ana shamba la mihogo na mahindi. Hakuomba vita. Dola ya kikoloni ilihitaji mikono, chifu akaagizwa kutoa watu, na Baba akawa miongoni mwao. Mwaka uliotangulia alibeba mataruma ya reli. Mwaka huu anapakia na kupakua mizigo ya jeshi, na wakati mwingine anakata kuni, kwa maana treni ya mvuke inakula kuni na kunywa maji kila inaposimama.

Siku treni ya masanduku marefu inapofika, Baba anaona mara moja kwamba mzigo huu si unga wala risasi. Sanduku la unga unalitupa begani. Haya ni marefu kuliko behewa lenyewe, halafu ni mepesi kwa namna ya kutia wasiwasi. Ukiyainua upande mmoja yanalia kwa ndani. Na lipo moja fupi, zito ajabu, ambalo watu wengi wanalizunguka na bado halinyanyuki. Lile ni injini. Mzungu mwenye kofia anapiga kelele kwa Kifaransa. Mnyapara anatafsiri kwa Kiswahili, tena kwa ufupi sana: polepole, lisianguke, lisigeuzwe. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, sanduku linapiga hatua.

Baba hajui kusoma, lakini anajifunza alama zilizochorwa kwa rangi. Alama hii, mbele. Alama hii, juu. Lenye alama ile lisilazwe chini ya lingine. Wiki haijaisha, anazijua kuliko karani. Wala msishangae. Kazi ya bohari, zamani na leo, ni kukumbuka: nini kiko wapi, kimetoka kwa nani, kinasubiriwa na nani.

Adui mkubwa wa mzigo ule hakuwa Mjerumani. Alikuwa jua na mvua. Gundi iliyounganisha mbao ilitengenezwa kwa hewa ya Ulaya. Mwaka mmoja kabla, katika delta ya Rufiji, Waingereza walijaribu kutumia ndege za majini aina ya Sopwith kuitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikoko. Joto lilizishinda, gundi ikalegea, na ndege zikawa hazifai kwa kazi. Ilibidi zitafutwe nyingine, na Königsberg haikumalizwa mpaka Julai 1915. Kwa hiyo, mtu aliyevuta turubai juu ya sanduku mvua ilipoanza kunyesha, au aliyelisogeza kivulini bila kuambiwa, alikuwa ameiokoa ndege hata kama hajui ndege ni nini.

Halafu kulikuwa na petroli. Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu hapa ndipo penye siri yote.

Kutoka ufukwe wa kwenu hadi Kigoma, kwa mstari wa ndege, ni zaidi ya kilomita 120 ukipimia Kalemie. Ndege yenye mwendo usiofika kilomita 100 kwa saa itatumia zaidi ya saa moja kwenda. Itazunguka juu ya bandari kutafuta shabaha. Itarudi kwa zaidi ya saa nyingine. Ukikutana na upepo wa mbele, ongeza. Ikifika nyumbani, tangi linalia utupu. Sasa ongezeni na hili: uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mchana ni ya moto. Hewa ya moto, tena ya mahali pa juu, ni nyepesi. Haibebi bawa vizuri, na injini inakosa pumzi. Ndege iliyojazwa petroli, watu wawili na mabomu inaweza kukimbia juu ya maji mpaka machozi yakutoke, isinyanyuke. Basi lazima uchague: bomu moja zaidi, au petroli zaidi? Uamuzi huo ulifanywa na maofisa, lakini walichagua kutokana na kile kilichofika. Debe lililovuja njiani, kati ya Kabalo na Nyunzu, lilikuwa dakika kadhaa zilizopotea juu ya ziwa. Mtu anayepakia madebe anashika mkononi mwake urefu wa safari ya rubani.

Sijui kama kuna mtu aliyemweleza Baba jambo hili. Nadhani kama angeelezwa angetabasamu tu, kwa sababu kila mkulima anajua kwamba mbegu iliyovuja kwenye kapu haioti.

Ndege hazikuungwa Kalemie penyewe. Maji ya pale hayana kinga. Upepo ukivuma, mawimbi yanapiga ufukwe kwa nguvu, na mawimbi yangezivunja zile ndege za mbao kabla hazijaruka. Ilichaguliwa Tungwe, karibu na Mtoa, mahali penye maji yaliyotulia. Baada ya safari yote ile, masanduku yakahamishwa tena hadi huko. Mkuu wa kikosi alikuwa de Bueger. Miongoni mwa marubani alikuwemo kijana wa miaka 26, Aimé Behaeghe, mzaliwa wa Kachtem huko Ubelgiji. Mafundi wakafungua, wakaunga, wakakaza nyaya, wakapaka upya. Kufika katikati ya 1916, injini ilinguruma, na ndege ya kwanza ya kijeshi katika Afrika ya Kati ikaacha maji.

Fikirini waliosimama ufukweni siku ile. Wengi wao walikuwa wameigusa ikiwa mbao na vitambaa. Walijua uzito wa kila kiungo chake kuliko yeyote aliyeitazama kwa mbali.

Juni 1916 Behaeghe, pamoja na mwenzake Collignon aliyekaa kama mtazamaji, waliruka hadi Kigoma wakaiangushia Götzen mabomu. Ningependa kuwaambia kwamba meli ilizama kwa kishindo. Haikuzama. Tena inaelezwa kwamba wakati huo mizinga yake mingi ilikuwa imeshaondolewa kupelekwa kwenye mapigano ya nchi kavu, ikawekwa ya mbao ya kudanganyia macho. Kwa maneno mengine, ndege ya mbao ilitumwa kilomita 3,000 kuipiga mizinga ya mbao! Vita vina mzaha wake.

Mwisho wa Götzen ulikuja kwa mikono ya Wajerumani wenyewe. Walipoona jeshi la Kongo, Force Publique, linakaribia Kigoma, waliipaka injini yake grisi nene na kuizamisha kwa makusudi tarehe 26 Julai 1916, wakitumaini kuirudia siku moja. Hawakuirudia. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Babu zenu wengine wameipanda wakienda Kigoma na Mpulungu. Grisi iliyopakwa vizuri na fundi fulani ndiyo iliyowavusha.

Basi kazi yote ile ya ndege ilikuwa bure? Wengine husema hivyo. Mimi siwafuati moja kwa moja. Ndege ziliona bandari ya adui kutoka juu, zikamnyima usingizi, na zikaonyesha kwamba chombo cha angani kinaweza kupelekwa mpaka katikati ya bara na kikafanya kazi. Lakini mkiniuliza ni nani alilipa gharama, nitawaambia ukweli: hakuwa mfalme wa Ubelgiji.

Turudini nyumbani kwa Baba, tumwone Mama. Mwanaume akiondolewa shambani wakati wa palizi, magugu hayasubiri vita viishe. Mama analima peke yake, na mtoto mkubwa, ambaye ana miaka kama yenu, anaacha kucheza anashika jembe. Mihogo lazima iloweshwe, ianikwe, itwangwe. Na unga si wa nyumbani tu. Jeshi linapita, nalo linakula. Ghala la kijiji linapungua. Usiku mdogo anauliza Baba atarudi lini, Mama anajibu, "Treni ikirudi." Treni inarudi mara nyingi bila yeye. Anarudi usiku mmoja kiatu hana, bega limechubuka, anakaa kimya anakula, kisha anawaambia watoto kwamba leo amebeba mkono wa kitu kinachoruka. Hawamwamini. Wewe ungemwamini?

Mpagazi wa kawaida alibeba kilo 25 hadi 30. Walioajiriwa karibu na nyumbani walikuwa na bahati, kama ni bahati. Wengine walivushwa ng'ambo ya ziwa kulifuata jeshi mpaka Tabora, mji uliotwaliwa Septemba 1916. Chakula kilikuwa kidogo na kigeni kwa matumbo yao, milima ilikuwa na baridi, kuhara na homa ya mapafu vikawa vinaua kuliko risasi. Wanahistoria wanakadiria kwamba Kongo ilitoa wapagazi wapatao 260,000 katika vita vile. Si wote waliobeba ndege, lakini wote walibeba. Ukiwapanga kwa safu moja, hatua moja kutoka mtu hadi mtu, safu hiyo ingeanzia Kalemie ikapita Nyunzu na kuendelea kuelekea Kabalo.

Rubani Behaeghe hakuuona mwaka 1917. Hakupigwa risasi wala hakuanguka na ndege. Aliugua, na tarehe 3 Desemba 1916 akafa Niemba, kituo kilicho kati ya Nyunzu na Kalemie, kwenye reli ile ile iliyomletea ndege yake. Nilikuwa nimesema rubani atangoja nje. Sasa namkaribisha ndani, kwa sababu mwishoni alilala katika nchi ya waliombebea mizigo, na ugonjwa haukumtofautisha nao. Tofauti ilikuja baadaye. Yeye jina lake limo vitabuni: rubani wa kwanza wa kijeshi Afrika ya Kati. Vitabu hivyo hivyo vikifika kwa waliobeba injini yake vinaandika "wenyeji".

Msidhani kazi hiyo iliisha mwaka 1916. Mwaka 1960, baada ya uhuru, Umoja wa Mataifa ulileta wanajeshi wake Kongo, na ndege zikashusha watu na mizigo Kalemie, wakati huo bado ikiitwa Albertville. Novemba mwaka ule askari wa Ireland waliuawa Niemba katika shambulio ambalo kwao bado linakumbukwa. Katika karne hii walinda amani wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja huo huo, walikaa Kalemie miaka mingi mpaka walipoondoka mkoa wa Tanganyika katikati ya 2022. Helikopta nyeupe mnazozikumbuka hazikujiendesha. Nyuma ya kila moja kulikuwa na mtu anayesukuma mapipa ya mafuta, anayepima uzito wa kila mfuko ili helikopta isizidiwe, anayesaini karatasi kwa vipuri vilivyoingia na vilivyotoka. Baadhi walikuwa askari kutoka ng'ambo, waliokuwa wakiwaaga watoto wao kwa simu usiku. Baadhi walikuwa vijana wa Kalemie, waliorudi nyumbani jioni nguo zinanuka mafuta ya taa, mama watoto akawafukuza mlangoni mpaka waoge kwanza. Hesabu yao ni ile ile ya Tungwe: mzigo, mafuta, umbali, hewa ya moto.

Na reli? Ipo, imezeeka. Septemba 2019 treni iliacha njia kati ya Nyunzu na Niemba, watu wakapoteza maisha. Reli iliyokuwa mpya kiasi cha kubeba ndege za vita sasa inabeba mahindi, baiskeli na mama wachuuzi waliokaa juu ya magunia, na haijapata matunzo wanayostahili watu hao. Hilo nalisema bila kumung'unya maneno: nchi iliyoweza kupitisha bawa la ndege bila kulivunja mwaka 1916 haina sababu ya kushindwa kumpitisha mama na gunia lake salama leo.

Nina ombi kwenu, ninyi mlio Nyunzu, Niemba, Kabalo na Kongolo, na hata walio Kigoma ng'ambo. Nyumbani kwenu kuna mzee aliyesikia mambo haya kutoka kwa baba yake, ambaye naye aliyasikia kwa babu. Mkimkuta ametulia, msimwulize habari za vita, maana atawaambia habari za majemadari. Mwulizeni maswali matatu: babu yake alibeba nini, nani alilima shamba wakati hayupo, na jina lake kamili lilikuwa nani. Andikeni majibu kwenye daftari la shule, mweke na tarehe.